Kama Kusini Ingeshinda

Kwenye basi la Richmond, mzee wa Kizungu aliyevaa sare ya kijivu ya jeshi la Kusini alikaa kando ya mama mweusi, mbele yangu. Alikuwa anakwenda kuigiza vita vile vya kale ambavyo majimbo ya Kusini yalishindwa yaking'ang'ania watumwa, mchezo wa Jumamosi wa watu wazima wenye magoti mabovu.

"Tungeshinda, mama," alisema, "rais wetu angemaliza miaka yake sita, akamwachia kiti jemadari wetu wa vita. Mji mkuu wetu ungebaki hapahapa Richmond. Na reli ingefika mpaka Meksiko."

"Ehe. Na mimi ningekuwa wapi?"

"Utumwa ungekwisha wenyewe, taratibu."

"Taratibu mpaka lini? Kabla sijazaliwa, au baadaye?"

Mzee alifungua kifungo cha shingoni. Koti la sufu, na huu ni mwezi wa saba. "Huko sijafika bado. Tunawaza tu, mama, hakuna ubaya."

"Reli umeifikisha Meksiko, mimi hujanifikia?" Mama aliukumbatia mkoba wake. "Na hilo bunduki hapo miguuni, nalo linawaza tu?"

"Halina risasi."

"Nitajuaje?"

Basi likasimama, wote wawili walikuwa wanashukia hapo. Mzee, kwa adabu waliyolelewa nayo wazee wa huku, akavua kofia, akabana magoti ampishe. "Tangulia, mama."

Mama hakuinuka. "Tangulia wewe, bwana. Sitaki uwe nyuma yangu."

Kilikuwa kituo changu pia. Nikabaki nimekaa, nami nikingoja mzee atangulie.