Sura ya Mama wa Pantoni

Assalaam alaykum. Mashehe wetu, wazee, majirani na wote mliofika hapa Mtawanya kumsindikiza ndugu yetu, mwanifahamu, ni Ridhiwani, mtoto wa baba yake mdogo, na karatasi hii nimepewa niisome kama ilivyo, ingawa tangu jana imeandikwa mara tatu, kila mara kwa ugomvi, na mahali pamoja pamekatwa kwa kalamu nyekundu, basi nikikwama mnivumilie.

Marehemu Nurdini Abdulazizi Mshamu alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 14 Machi 1986 kwa mujibu wa cheti cha shule, au 1984 kwa mujibu wa kadi ya kliniki, na kadi yenyewe ni kopi ya kopi, tarakimu ya mwisho imegeuka doa, hivyo wazee wameamua tusome zote mbili, Mungu ndiye ajuaye. Mama yake, Bi Mwanabibi Salumu, alifariki mwaka 1988, na marehemu akalelewa na dada yake wa tumbo moja, Johari, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akimbeba mgongoni kwenda shamba na kurudi, hata wapita njia wakidhani ni mwanawe wa kumzaa.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1994 hadi 2000, na madrasa pia, kisha mwaka 2001 akaenda Mbagala kujifunza kuchapa fulana kwa Fundi Faraja, na mwaka 2006 akarudi akafungua chumba cha stationari Kibiti, kando ya barabara kuu, akitoa kopi, akipiga picha za pasipoti, akichapa fulana za harusi. Tarehe 10 Julai 2010 alimwoa Bi Sabra Hemedy, wa visiwa vya delta, wakajaaliwa watoto wawili, Mwanahawa na Abbasi.

Kwenye kazi ndipo tulipogombana hasa, kwani wengine walitaka tuandike mchapaji, wengine msanii, na shehe akauliza msanii wa ngoma gani. Jamani, si ngoma. Alikuwa akichukua picha ya mtu, akaikuza kwenye mashine ya kopi mpaka sura inavunjika inakuwa nukta nukta, akaihamishia kwenye plastiki angavu, akapaka kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu dawa inayogandishwa na jua, akailaza plastiki juu yake na kuianika, kisha akaiosha, na pale jua lisipopita dawa hutoka, wino hupenya, naye huusukuma kwa raba juu ya majamvi yaliyochakaa, viroba vya unga na magome ya mikoko, halafu akashonea vipande vya nyavu. Ukimuuliza ni vya nini, hucheka tu.

Familia ilikuwa na picha moja ya Bi Mwanabibi, aliyopigwa mwaka 1987 pale Ndundu akisubiri pantoni, daraja halijajengwa, na Johari aliitunza sandukuni, imefungwa kwenye leso. Mwezi Juni 2012 marehemu aliiazima aitoe kopi, akaahidi kuirudisha Ijumaa, na Ijumaa hiyo haijafika hadi leo. Badala yake zilitoka kazi arobaini alizoziita Mama wa Pantoni, sura ile ile mara arobaini, na hakuna iliyofanana na nyingine, zikaonyeshwa Dar es Salaam mwezi Agosti 2019, na mwaka 2022 akazitundika Kibiti. Watu walilia. Mzee Kibwana, mkata mikoko, aliapa kwamba yule ni marehemu mkewe, akapewa moja, akaondoka nayo ameikumbatia.

Johari peke yake alisema, "Huyu si mama." Marehemu akamjibu, "Dada, ukikaribia utaona nukta tu, rudi nyuma," naye akarudi nyuma mpaka akatumbukia mtaroni, akasimama humo humo akasema tena, si mama. Sisi familia, na hili tunalikiri mbele yenu kwa aibu, tulimwambia ameisahau sura ya mamaye, akalia sana, na hakukanyaga tena pale dukani.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi Februari 2024, akatibiwa kwa subira, na alifariki Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Kibiti. Asubuhi kilipotakiwa kitambulisho chake, Johari ndiye aliyekwenda kukitafuta, na ndani ya kopo la maziwa ambamo marehemu alitunza vyeti vyake aliikuta picha ya pantoni, sura imekuwa nyeupe tupu, umebaki upindo wa kanga, na pamoja nayo picha ya pasipoti ya Johari mwenyewe, na kipini chake puani, imezungushiwa karatasi yenye maneno haya: "Dada, niliilaza picha ya mama juu ya dawa haijakauka, ikaganda, nilipoosha sura ikaenda na maji. Nimeweka yako. Yake mimi siikumbuki, mama ninayemjua ana sura hii. Naogopa kukuambia."

Tulichanganyikiwa, na bado tumechanganyikiwa. Wengine walisema ifichwe, Sabra akauliza sasa Mzee Kibwana amemlilia nani, mtu akacheka kisha akajuta. Johari akakataa katakata isifichwe, akasema isomwe kwa sauti, na yuko ndani na akina mama, ananisikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na mafundi wenzake waliofunga maduka leo. Na kama ilivyo desturi, aliyekosewa na marehemu tunamwomba amsamehe.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto wawili, na hapa ndipo palipokatwa kwa kalamu nyekundu, tuliandika dada mmoja, Johari akachukua kalamu, akakata dada, akaandika mama.

Haya, Nurdini, mama yako amekusamehe. Lala salama.