Mama Pindo na Gari Alilomtunzia Mwingine

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutufuta machozi, familia imenituma mimi kaka wa marehemu kuwasomea maisha ya dada yetu, na imeniomba nisiruke mstari hata mmoja, kwa sababu historia ya mtu ikifichwa nusu, huwa ya mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, nyumbani, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yetu, akiwa mtoto wa tatu na msichana wa kwanza, alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza elimu ya msingi mwaka 1972, alifaulu, lakini nafasi ya kuendelea nilipewa mimi, na sikumbuki hata siku moja aliyonisimanga kwa hilo, ila kila nilipokosea jambo alikuwa akisema, "Na wewe ndiye tuliyekusomesha."

Mwaka 1975 aliajiriwa kwenye karakana ya kushona sare za shule, iliyokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vyombo, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, na huko alifanya kazi miaka thelathini na minane, kwanza kukata vifungo, kisha kushona pindo za sketi, na ndiko alikopata jina la Mama Pindo kabla hata hajawa mama. Wasichana wote aliowafundisha wanakumbuka amri yake moja, kwamba kitu kikishashikizwa kinafungwa fundo hapohapo, na akiona uzi umelegea alikuwa akisema, "Mwanangu, uzi unaoning'inia ni mdomo wa jirani, utavutwa tu."

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mume wake, ambaye yupo nasi hapa mbele, wakati huo akiwa mhasibu katika kampuni ya mbao, na aliondoka kanisani akiwa amekaa kwenye gari la mumewe, gari la michezo jekundu, la zamani hata kwa wakati ule, milango miwili, viti viwili, chini kama sinia, ambalo mumewe alilinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama nchi. Ndiyo siku pekee ambayo marehemu alipanda gari hilo likiwa linatembea. Wiki iliyofuata, alipotaka kupanda tena, mumewe alimwambia visigino vya viatu vyake vinachubua zulia la ndani, akavua viatu, kisha akaambiwa mafuta ya nywele yanashika kwenye kiti, hapo akacheka na kusema, "Basi nitembee kwa miguu nikiwa mzima wote," na akatembea kwa miguu kwenda kazini mpaka alipostaafu.

Walijaliwa mtoto mmoja, wa kiume, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1982, ambaye sasa ni mwoka mikate, ana mke na watoto wawili, na ni kwenye nyumba ya mwana huyu na mkamwana huyu marehemu alikoishi hadi mwisho, maana nyumba ni ileile aliyoolewa, wenye nyumba ndio waliobadilika.

Mwezi Februari 1993 mume wa marehemu alipata kazi nje ya nchi, akaondoka, akaacha agizo kwamba gari likilala linakufa, kwa hiyo kila Jumamosi liwashwe, lingurume kidogo, lizimwe, na lisiendeshwe na mtu. Marehemu alilitimiza agizo hilo bila kukosa, alifungua kibanda, akafuta vumbi, akawasha, akasimama kando akiwa amefumbata mikono kama mtu anayemngoja mgonjwa amalize kukohoa, kisha akazima. Mumewe alirudi mara mbili katika miaka yote hiyo, mwaka 1999 na mwaka 2007, na mara zote mbili alilala siku chache, akabadilisha oili, akasifu rangi, akaondoka. Majirani walimwuliza marehemu kwa nini asilifungulie mlango likachukuliwa na wezi, naye aliwajibu, "Likiibwa atarudi kwa hasira, nami nataka arudi kwa miguu yake."

Mwanzoni mwa mwaka 2022 marehemu alianza kuumwa mgongo, akapimwa, akaambiwa ni ugonjwa ulioingia kwenye mifupa, na kila wiki alitakiwa kwenda hospitali iliyoko upande wa pili wa mji. Gari lolote lililokodiwa lilimtikisa hadi akang'ata leso, na alishuka getini akiwa na jasho la maumivu. Siku moja aliporudi alisimama mbele ya kibanda akasema, "Kiti cha lile kinalala. Nililala humo siku ya harusi yangu, nikaona mawingu." Alikuwa anataka jambo hilo moja tu, kubebwa amelala, bila kutikiswa, na tunaomba mlikumbuke.

Tatizo ni kwamba gari lenyewe lilikuwa likitetemeka kuliko yote. Jirani yetu fundi wa magari, ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu, alifungua boneti, akatia chuma kidogo chini ya injini na kuinyanyua kidogo tu, ikacheza kama jino bovu, akaeleza kwamba raba mbili zinazobeba injini, zile zinazoizuia isigonge mwili wa gari, zimekauka na kupasuka. Marehemu alimpigia simu mumewe kumwomba ruhusa, naye akajibu, "Msiliguse mpaka nije mwenyewe mwezi wa sita, hilo si cherehani." Marehemu aliitikia, "Sawa, mume wangu." Akangoja mwezi wa sita, ukaja ukapita, akangoja Desemba, nayo ikapita, raba ambazo Taratibu alizipata kwa shida zikakaa kwenye boksi chini ya kitanda, na mwezi Agosti 2023 alimwita mkamwana wake akamwambia, "Amesema tusiliguse. Haya, kamwite fundi."

Kazi ilifanyika hapa nyumbani, uani. Taratibu alichomoa betri, akaipeleka kwake kuichaji, akarudi, akaweka ubao juu ya jeki ili chuma kisitoboe bakuli la oili, akanyanyua injini mpaka uzito ukatoka kwenye raba, akafungua bolti, akatoa raba kuukuu ambazo zilivunjika mkononi kama mkate wa juzi, akatia mpya, akaishusha injini. Marehemu alikaa kwenye kiti pembeni, mto nyuma ya mgongo, sinia ya nati mapajani, akimpa moja moja. Fundi alimwambia, "Mama, hizi tumezishikiza tu, tusizikaze bado, injini lazima iwashwe kwanza, ikae, ijitafutie mahali pake, ndipo tukaze mwisho," kisha akaenda kwake kuichukua ile betri.

Alipokwenda, marehemu alizitazama zile nati zilizolegea. Mkamwana wake alimwambia, "Mama, fundi kasema ziachwe." Yeye akajibu, "Fundi huyo hajawahi kushona," akajikongoja, akainama kwa mgongo ule ule, akachukua spana na kukaza moja baada ya nyingine kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, maana tangu mwaka 1975 hakuwahi kuacha kitu kikining'inia.

Taratibu aliporudi na kuwasha, gari lilitetemeka hadi vikombe vikaanguka dirishani, na kabla hajazima, raba moja iliyokuwa imekazwa ikiwa imepinda ilichanika. Alichungulia chini, akauliza, "Nani amekaza?" Marehemu akasema, "Cherehani." Walicheka wote watatu, fundi hadi akakaa chini, na mkamwana wake anasema hakumsikia tena akicheka baada ya hapo.

Raba nyingine ilichukua muda kupatikana. Tarehe 2 Oktoba 2023 marehemu alizidiwa, akapelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya muuza mboga, jirani mwema, aliyeendesha polepole sana hadi akapigiwa honi njia nzima, lakini barabara ina mashimo yake na marehemu alikuwa na mifupa yake. Raba ilifika wiki ileile. Taratibu aliifunga, akaacha nati zimelegea, akawasha, injini ikakaa, ndipo akakaza, na glasi ya maji ikawekwa juu ya boneti injini ikinguruma, maji hayakucheza. Mkamwana wake alikwenda wodini kumweleza. Marehemu aliuliza, "Mlikaza mwisho?" Akajibiwa, "Mwisho, mama." Akasema, "Basi nitoke nalo." Kiti kilishalazwa, na mto wake mwekundu aliouweka tayari, alioushona mwenyewe kwa mabaki ya sare, ulishawekwa juu yake. Tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, kabla gari halijatolewa kibandani, aliaga dunia.

Mume wa marehemu alifika siku ya pili, na begi lake. Alipita katikati ya watu waliokaa uani, akaenda kibandani, akautupa ule mto nyuma, kwenye kiti ambacho gari hilo halina, ukaanguka chini, akakaa, akawasha, akasikiliza, akasema, "Halitetemeki hata kidogo. Nani amelishika?" Mwanawe alimjibu, "Mama. Yuko chumba cha maiti, baba, ukimaliza kulizima twende." Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini hawakusema humvutia nani. Ametuarifu kwamba ataondoka nalo kesho, na familia haina neno, gari ni lake na sasa linakwenda vizuri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomgeuza marehemu kwa mikono laini, wafanyakazi wenzake wa karakana ambao wameshona sanda bila kuacha uzi hata mmoja ukining'inia, majirani, muuza mboga na pikapu yake, na Taratibu, aliyekataa kupokea chochote na ambaye tangu jana amesimama nyuma kabisa kana kwamba ana kosa; mwanangu, huna kosa. Tunamshukuru pia mume wa marehemu kwa kufika.

Marehemu ameacha mume, mtoto mmoja, mkamwana na wajukuu wawili. Ule mto mwekundu mkamwana wake aliuokota, akaupangusa vumbi, akauweka ndani ya jeneza, chini ya mgongo, na wabebaji wameombwa waende polepole, mguu baada ya mguu, kwa sababu marehemu alikuwa ameahidiwa.

Lala, dada yangu, umelazwa kama ulivyotaka. Safari hii hutatikiswa. Upumzike kwa amani.