Kaliroi Psarianu, Mchongaji wa Kiwambo cha Ayia Paraskevi

Marehemu Kaliroi Psarianu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa Karidona, kisiwani Lesvos, mtoto wa pili wa Mzee Stratis, mchongaji wa mbao aliyeirithi kazi hiyo kwa baba na babu yake. Kamati ya kanisa iliagiza wasifu huu umwite “msaidizi wa kaka yake”. Mimi Anthi, binti wa kaka huyo, nimekataa. Shangazi alikuwa mchongaji.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi Juni 1961. Mwalimu wake alisihi aendelee. Mzee Stratis akamtoa ili afagie maranda karakanani. Baba yangu, Ignatis, alipewa patasi. Kaliroi alipewa msasa. Alijifunza kwa kutazama, na alipofika miaka kumi na saba ndiye aliyekuwa akikamilisha kila jani la mzabibu lililomshinda kaka yake. Desturi ya ukoo ilitaka kazi hii iende kwa mwana wa kiume. Desturi hiyo ilikuwa dhuluma, na walioilinda wameketi humu kanisani.

Kuanzia mwaka 1978 hadi 1983 alichonga, kwa mbao za mjozi, kiwambo chote kinachotenga madhabahu ya kanisa hili la Ayia Paraskevi. Baba yangu alichonga kitu kimoja tu: jina lake mwenyewe, chini ya mlango wa kati. Kwa kuwa mwanamke haingii madhabahuni, Shangazi hakuruhusiwa kuja kuvifunga vipande. Baba akavifunga bila kujua kipi kinakaa wapi. Siku ya kuweka wakfu, tarehe 26 Julai 1983, waumini wote waliwaona ndege waliochongwa kwenye mzabibu wameipa picha ya Kristo mgongo.

“Kaka Ignatis,” Shangazi aliita kutoka upande wa wanawake, “ndege wako wamenuna?”

“Nyamaza, Kaliroi! Uko kanisani.”

“Nakuona na wewe uko kanisani. Cha kulia kipeleke kushoto, kaka yangu. Au nije nikuonyeshe?”

Kanisa zima lilicheka. Padri aliamuru vipande vibadilishwe, navyo vikakaa sawasawa. Tangu siku ile kila mtu alijua ni nani aliyevichonga. Jina la baba yangu halikuguswa.

Hakuolewa. Mwaka 1974 alichumbiwa na fundi wa mashua wa bandarini, aliyemwahidi, “Ukiwa mke wangu, mikono yako itapumzika.”

“Nani amekwambia imechoka?” alimjibu, akamrudishia pete.

Mwaka 2017 aligunduliwa kuwa na saratani ya pua, ambayo daktari wake huko Athene aliihusisha na vumbi la mbao alilolivuta kwa zaidi ya miaka hamsini. Kamati itueleze: vumbi hilo lilitoka katika kazi ya nani? Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 14 Novemba 2019.

Ameacha kaka mmoja, Ignatis. Watoto wawili wa kaka, mimi na Mirsini. Na wasichana wanne wa kijiji hiki aliowafundisha kuchonga bila kumwomba mtu ruhusa.

Jumapili ya tarehe 22 Desemba tutafanya arobaini yake. Ngano ya kuchemshwa ya kumkumbuka marehemu ikishagawiwa, nitapiga magoti mbele ya mlango wa kati na kulichonga jina lake. Baba anaweza kuja kunimulikia taa au kunizuia; vyovyote vile, afike mapema.

Kaliroi Psarianu, mchongaji, apumzike kwa amani.