Kamba ya Mbuzi Iliyonitoa Shimoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa mabenchi ya nyuma, asifiwe kwenu pia, maana hata huko anafika.

Mimi ni Papa Bahati, fundi wa nyumba za mbao. Nilishuka Goma kutoka Masisi na nyundo moja. Masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa primeri, lakini leo huwezi kumaliza avenyu moja ya mutaa wetu wa Mapendo bila kuona kazi ya mukono wangu. Sijivuni. Ninasema tu kile macho yenu yanaona.

Ndugu zangu, shida yangu ilikuwa moja: sikujua kushindwa. Mutu akianza "na kama ikiharibika...", nilimukata: "Funga kinywa! Hilo neno ni la shetani!" Nilidhani hiyo ndiyo imani.

Basi nikanunua parseli, kiwanja cha kujenga, upande wa Mugunga, bei nzuri, mahali pa bonde kidogo. Muzee jirani, mufugaji, akaniambia: "Papa, hapo kuna mazuku." Munaijua: ile hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano. Haina harufu. Inalala mabondeni asubuhi wakati hakuna upepo, na inaua.

Nilimucheka. "Muzee, inaua mbuzi zako. Mimi ni mbuzi?"

Mbaya zaidi, mawe ya musingi niliyachimba palepale mbele ya nyumba. Kwa nini ninunue mawe na nimekalia mawe? Shimo likaongezeka kila siku. Mimi mwenyewe, kwa nguvu zangu, nikaitandikia mazuku kitanda!

Nyumba ikasimama, vyumba sita, mabati yanang'aa. Kabla ya kuhamia nikaleta kuku. Asubuhi kuku wote wamelala, miguu juu. Nikasema ni ugonjwa. Nikaleta wengine, ikawa vilevile. Bibi yangu wa ndoa, Mama Bahati, mutu wa Butembo, akasema: "Mimi na watoto hatulali pale." Nikamwita mutu wa kuwaza mabaya. Na ni kweli, hata harusini anatafuta kwanza mulango wa kutokea.

Nikafunga na kuomba siku tatu. Ya tatu, kulipopambazuka, nikaenda kuivunja kwa maombi hiyo roho inayoua kuku. Mama Bahati akanifuata na kamba ya mbuzi, ameiazima kwa muzee.

"Funga kiunoni."

"Mimi ni ng'ombe?"

"Mbuzi ulikataa. Funga, Papa Bahati. Ukishinda, utanicheka mpaka Sake."

Nikafunga, ili anyamaze.

Nikashuka shimoni. Nimesimama, hakuna kitu. Nikacheka kwa sauti. Halafu nikapiga magoti, nikaweka paji la uso kwenye jiwe, ili maombi yawe na uzito. Ndugu zangu! Mazuku inalala chini, nami nikaifuata kulekule chini! Pumzi chache tu, mwili ukawa maji. Nilisikia bibi yangu anapiga kelele: "Simama! Omba ukiwa umesimama!" Sikuweza.

Yeye na muzee, aliyesikia kelele akaja mbio, wakavuta kutoka juu. Nilipofumbua macho nilikuwa barabarani, shavu limechunwa na mawe (alama ni hii, muione), muzee ananipepea kwa kofia.

"Papa," akasema, "karibu kwetu sisi mbuzi."

Hapo nikatamka neno ambalo kinywa changu hakikulijua: "Nimeshindwa." Nilifikiri nitalia. Kumbe nikasikia njaa! Nikasikia usingizi! Nikawa kama mutu aliyevua viatu vilivyomubana miaka yote.

Tukabomoa nyumba ubao kwa ubao, tukaipakia kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, kurudi Mapendo. Watu kando ya barabara wakapiga kelele: "Eh, fundi, nyumba inaenda matembezi?" Zamani ningepigana. Nikajibu: "Inarudi! Imeshindwa kama mwenyewe!" Wakacheka, nami nikacheka. Nikajenga vyumba vitatu. Mbao zilizobaki nikamupa muzee, akajenga zizi mahali pa juu.

Leo, kabla ya musumari wa kwanza, ninamuuliza mwenye nyumba: itaanguka upande gani? Moto ukiwaka tutatokea wapi? Tukimaliza kuwaza mabaya yote, tunafanya kazi tukiimba. Zuri lolote linalokuja ni zawadi. Na niwaambie, Goma nzima hakuna fundi anayejua kushindwa kama mimi. Mimi ni wa kwanza!

Ninamushukuru Mungu aliyenijibu kwa kuniangusha. Na wewe unayekaa shimoni mwako ukitangaza ushindi, usione haya. Mwambie leo, "Bwana, nimeshindwa." Hatashituka. Mutegemee, na mwisho wa kamba umupe mutu anayekupenda.

Mama Bahati, simama wakuone. Ile kamba iko ndani ya mukoba wake hata sasa. Sikumwomba aibebe. Alisikia tu kwamba leo nitasimama kushuhudia, akawaza mabaya.

Amina!