Siku Sietske Alipouvunja Mlango

Sikilizeni wanangu, na wewe Hiske acha kununa. Mimi nilikuwepo! Wewe ulisimuliwa, mimi niliona kwa macho haya haya, na hili pengo la jino ni shahidi wangu.

Mwaka ule wa korona, kaka yako Wybren alimfungia mkewe Sietske ghorofani. Mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Chakula anapandishiwa kwa kamba dirishani. Mama yake haruhusiwi kuja, mkunga ni wa kwenye simu tu. Wybren, usiangalie chini, ulimpenda, lakini ulichanganyikiwa mpaka ng'ombe ukawaogesha kwa sabuni.

Basi nikasikia kishindo, nikadhani dunia imepasuka. Sietske kang'oa mguu wa kitanda, kausambaratisha mlango, vipande vingine viliruka mpaka Ujerumani! Akashuka. Wybren akalia, "Mke wangu, rudi, virusi!" Akala kiatu cha mbao cha shavu. Cha pili cha pua. Damu ilimwagika hadi maziwa ya siku ile yakawa mekundu! Akamburuta kwa ukosi, akamtumbukiza mferejini. Nikaingilia mimi, mbabe wa jimbo zima la Friesland. Ngumi moja tu, jino hilo!

"Na wewe mzee unataka nini?"

"Nataka jino langu, binti."

Akacheka, halafu akaanguka kwenye majani, akalia hadi ng'ombe wakanyamaza. "Baba, naogopa. Huyu aliye tumboni simpendi. Nimekaa naye peke yangu mno."

Nikakaa hapo hapo, bila barakoa. Nikamwambia kwamba marehemu mama yenu, kwenye mimba ya Wybren, alisema hivyo hivyo, tena alitaka kuichoma nyumba, na baadaye akampenda mtoto mpaka akamdekeza. Sietske akanikamata mkono, vidole vikalia. Tangu hapo tukawa tunakaa pale kila asubuhi, hadi mtoto akazaliwa.

Sasa, nikishaondoka, shamba na nyumba ni vya Wybren na Sietske, sawa kwa sawa. Hiske, boti ni yako, na ukome kumwita Sietske kichaa. Mwenye mimba asifungiwe tena humu, hata kwa mapenzi.

Mungu awape... ngoja, pumzi... awape watu wa kukaa nao.

Sietske, sogea karibu, wasisikie. Yale ya mama yao... niliyatunga. Hakuwahi kuniambia neno. Mimi... sikuwahi kumuuliza.