Vaileth Aliyeshona Sare Akakosa Sherehe

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka Vaileth Ngonyani, fundi cherehani wa Chang'ombe. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka thelathini na minane. Mie tangu msibani sijatulia.

Mwaka jana mdogo wake, Herieth, alifanyiwa kichen pati, sherehe ya kumfunda bibi harusi, kule Goba. Vaileth alishona sare za wageni wote. Arobaini na mbili, kwa vidole vilivyovimba. Siku ikafika, sare zikang'aa. Vaileth hakufika. Dada mkubwa, hakufika!

Shangazi yao, Eufrazia, akashika maiki: "Wivu huo! Mdogo anaolewa, yeye yupoyupo tu!" Ukumbi ukacheka. Nilikuwepo. Nami nilicheka.

Herieth akaacha kupokea simu za dada yake. Miezi saba. Wasikilizaji wapendwa, miezi saba!

Vaileth alikuwa na ugonjwa wa viungo, ule ambapo kinga ya mwili inaacha kupigana na vijidudu na kuushambulia mwili wenyewe. Vidole tuliviona. Kulia bila sababu, kushinda kitandani, kuogopa hata kufungua mlango, hayo hatukuyaona.

Kisha jirani wa Vaileth akampigia Herieth: "Dada yako kaacha dawa. Anasema za nini." Herieth akaja kanuna, akamkokota hadi kliniki, akaingia naye kwa daktari. Huko Vaileth akayataja hayo yote.

Daktari akasema, "Kinga ikiushambulia mwili hivi, kemikali zake zinaweza kuugusa hata ubongo. Si kwa kila mgonjwa. Lakini hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na tutaitibu pamoja na viungo."

Herieth akageuka. "Dada, mbona hukusema?"

"Ningesemaje, wewe? Vidole mnaviona. Huku ndani mngeniuliza kimevimba nini. Siku ile nilivaa sare, Herieth. Nikashindwa kusimama."

Vaileth akarudi kwenye dawa, taratibu akarudi kwenye cherehani. Wakawa wanaongea kila siku, wanataniana, wanagombania hadi mboga. Kisha ikaja homa ya mapafu. Siku nne tu.

"Nilipata miezi mitano naye," Herieth aliniambia. "Saba niliitupa mwenyewe."

Pole, Herieth. Pole, mama yao, Editha, kwa kumzika mwanao. Pole nawe, shangazi Eufrazia. Nilikuona ulivyolia.

Nawe unayeumwa muda mrefu, moyo nao umezima, mtajie daktari na hilo, kama unavyomtajia goti. Na wewe unayemsindikiza ndugu yako kliniki, usimsubiri nje. Muulize kama anataka uingie naye. Akikubali, ingia, ukasikie.