Mama Twahiru: Ufunguo Kwanza, Maji Baadaye

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi Faidha Uwesu, ambaye sisi wenzake kazini tunamwita Mama Twahiru, anastaafu ukaguzi wa usalama na tahadhari za majanga magerezani. Wakuu wa magereza wanaotaka kushangilia wafanye hivyo kimyakimya, maana kitambulisho bado hajarudisha.

Alianza kazi Masasi, msichana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Mwili ulifuata baadaye, sauti haikupungua. Serikali ilimtuma akague kuta, kufuli, nyaya za umeme na vifaa vya kuzimia moto, naye akakagua mpaka masufuria. Gari letu likiharibika alipanda bodaboda kutoka Chiungutwa, akimgombeza kijana wa watu njia nzima kwa kutovaa kofia ngumu.

Lakini la kumkumbukia ni zoezi la moto katika gereza moja la huku kwetu juu, Newala, jina lake nalimeza. Alitaka kuona kama moto ukizuka, wafungwa waliofungiwa bwenini watatoka. Kengele, yaani rimu ya lori, ikagongwa. Askari wakatimka kweli kweli, wakayavamia madumu ya maji ya kuzimia moto na kuyakimbiza nje ya geti, yakawa salama kabisa! Ndiyo sisi watu wa Newala: ukitutajia hatari, tunaokoa maji. Wafungwa wakabaki ndani wanagonga mlango, na ufunguo uko mfukoni mwa Sajenti Danieli, aliyekuwa getini amekumbatia dumu.

Danieli alijitetea kwamba moto ungekuwa wa kweli angefungua. Mama Twahiru akamwambia aingie bwenini yeye, wamfungie, halafu arudie maneno hayo. Mkuu wa gereza akachinja kuku, akaomba iandikwe kwamba zoezi limefana. Mama alimla kuku, akausifu mchuzi, akaandika ukweli. Wakamshtaki kwa wakubwa kwamba ana kiburi, nusura ahamishwe. Yeye akazidi kurudi bila taarifa, anagonga rimu watu wakiwa na tonge mkononi, mpaka Danieli akawa akienda misa Ndanda, kengele ikilia anapapasa mfuko.

Msimu wa korosho ghala la gereza lile likashika moto kweli, moshi ukajaa bwenini. Danieli alifungua mlango kwanza. Walitoka wote, wakakaa uwanjani, wakahesabiwa: hakuna aliyekufa, hakuna aliyetoroka. Mmoja tu, Fikirini, alitoka na dumu kichwani, akasamehewa.

Fikirini sasa ni mtu huru, ana mikorosho yake. Mwaka jana alikutana na Mama sokoni Masasi, akamwamkia shikamoo huku machozi yanamtoka. Mama akaitikia marahaba, na yeye macho yakaloa; tuliona, asikatae. Halafu, kwa kuwa ndiye yeye, akamwuliza nyumba yake ina milango mingapi. Mmoja, akajibu maskini. Alifokewa mbele ya wauza nyanya wote! Mlango wa uani ameshatoboa, tumepita tukauona.

Mama Twahiru, ahsante kwa ukali wako, kuna watu wanakula ugali leo kwa sababu yake. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na wajukuu watundu. Baba Twahiru, wewe tunakupa pole: kuanzia Julai mosi, mkaguzi anahamia kwako.